Huku ukikosa tenda ya jeshi unaenda mahakamani, kwetu unaenda kutafuta mtu

Wakuu, mimi nipo Virginia ya kaskazini, pembeni ya Washington DC, nafanya kazi kwenye data senta maeneo ya Ashburn. Kwa asiyejua, huku ndiko biashara ya teknolojia na biashara ya jeshi zinapokutana. Pentagon yenyewe, yaani makao makuu ya wizara yao ya ulinzi, ipo Arlington, na hapo hapo Arlington ndipo Amazon walipotangaza mwaka 2018 kwamba wanaweka makao makuu yao ya pili, halafu ukishuka kwenye treni kituo cha Pentagon unakuta matangazo ukutani ya mifumo ya kijeshi, yaani tangazo halikuhusu wewe abiria hata kidogo, linawasubiri maafisa wachache wanaopita pale asubuhi wenye kalamu ya kusaini.

Nimekuwa nikifuatilia hizi tenda kwa muda sasa maana zinagusa kazi yangu na za watu ninaokaa nao, na kuna kitu kinaniuma kila nikilinganisha na nyumbani Tanzania. Sio hela. Bajeti ya ulinzi ya hawa jamaa inapita dola bilioni 800 kwa mwaka, hapo hakuna cha kulinganisha. Kinachoniuma ni kile kinachompata aliyeshindwa.

Chukua Palantir. Hii ni kampuni ya programu za kuchambua data, mwaka 2016 ikalishtaki Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, hoja yao ni kwamba jeshi lilitaka kutengenezewa mfumo mpya wa taarifa za kijasusi kuanzia sifuri wakati sheria ya 1994 inataka serikali iangalie kwanza kama kitu hicho kipo tayari sokoni. Hebu fikiria, unamtaka mteja akupe hela halafu mteja huyo huyo unampandisha kizimbani, na mteja mwenyewe ni jeshi! Oktoba mwaka ule ule wakashinda, jeshi likakata rufaa, 2018 likashindwa tena, na Machi 2019 Palantir hao hao wakachaguliwa mbele ya Raytheon, kampuni kongwe ya silaha. Agosti 2025 jeshi likaingia nao makubaliano yanayoweza kufika dola bilioni 10 ndani ya miaka 10. Kwa hiyo ile kesi haikuwafungia mlango, ndiyo iliyowafungulia.

SpaceX, wale wa roketi, nao walipita humo humo. Aprili 2014 waliishtaki Air Force, yaani jeshi la anga, kwa kutoa kazi ya kurusha setilaiti za kijeshi kwa kampuni moja tu, ile ya ubia wa Boeing na Lockheed Martin, bila kuruhusu mwingine ashindane. Januari 2015 wakayamaliza nje ya mahakama, miezi michache baadaye wakapewa cheti cha kurusha, na leo wanarusha mizigo ya jeshi kama kawaida.

Ila iliyonifundisha zaidi ni ile tenda ya JEDI. Pentagon walitaka klaudi moja ya jeshi zima, kompyuta za kukodi kwa ajili ya data zote kuanzia barua za ofisini mpaka siri za vita, miaka 10, hadi dola bilioni 10, na wakasema mshindi atakuwa mmoja. Oracle wakaona masharti yameandikwa kwa vipimo vya Amazon, wakalalamika GAO, ile ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao, wakakataliwa, wakaenda mahakamani, wakashindwa na huko. Google wakajitoa Oktoba 2018. Oktoba 2019 kila mtu anasubiri Amazon, akatangazwa Microsoft! Amazon nao wakaenda mahakamani wakisema Rais Trump aliingiza mkono kwa sababu hampendi Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon na mwenye gazeti la Washington Post, Februari 2020 jaji akasimamisha kazi, mvutano ukaendelea weee mpaka Julai 2021 Pentagon wakachoka wakaifuta tenda nzima. Desemba 2022 wakaja na nyingine inaitwa JWCC, hadi dola bilioni 9 mpaka 2028, safari hii wakaingizwa wote wanne, Amazon, Google, Microsoft na Oracle, halafu kila kazi inapotokea wanaigombania.

Najua kuna atakayesema hiyo ni fujo, miaka imepotea bure, na ni kweli imepotea. Lakini angalia mwananchi wa kawaida alichopata humo. Alijua bei, akajua masharti, akajua nani analalamika nini na jaji amejibu nini, maana karatasi nyingi zilikuwa wazi. Ukikosa tenda huku una haki ya kuitwa ukaelezwa ulipopungukiwa, usiporidhika unaenda GAO ambao wana siku 100 za kuamua, na ukiwahi kupeleka lalamiko ndani ya muda, kazi inasimama kwanza. Kila siku ya kazi saa 11 jioni Pentagon inatoa orodha ya mikataba ya kuanzia dola milioni 7.5, jina la kampuni, kiasi, kazi itafanyika mji gani, na mara nyingi hata waliomba wangapi. Mimi mgeni tu, sina cheo chochote, naisoma kwenye simu nikiwa mapumziko ya kazini.

Sasa turudi nyumbani. Kabla sijaondoka nilikuwa na wenzangu Dar tuna kampuni ndogo ya programu, tukaomba tenda ya mfumo kwenye taasisi moja ya umma, hata ya jeshi haikuwa. Tulihangaika na makabrasha, dhamana ya benki, vyeti vya kodi, tukapeleka, kimya. Baadaye mtu wa ndani akatuambia tu kwamba ile kazi ilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo. Nikauliza sasa si tukate rufaa? Kaka mmoja aliyetutangulia kwenye hizi kazi akanitazama kwa huruma akasema mdogo wangu, ukikata rufaa utajulikana kuwa msumbufu na hutapata hata kazi ya kuvuta nyaya, tafuta mtu. Hiyo tafuta mtu nimeisikia kwa kila aliyewahi kufanya biashara na serikali. Na sheria ilikuwepo jamani, PPRA ya kusimamia ununuzi wa umma ipo, PPAA ya kusikiliza rufani za zabuni ipo, na tangu 2023 kuna sheria mpya ya ununuzi na mfumo wa zabuni wa mtandaoni wa NeST ambao wenzangu wananiambia umepunguza ile ya makabrasha kupotea njiani. Tatizo ni uoga. Sheria inakupa haki ya kulalamika ila mazingira yanakuadhibu ukiitumia.

Kwenye vitu vya ulinzi ndiyo giza kabisa. Mnakumbuka sakata la rada? Serikali ilinunua rada ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28, Benki ya Dunia ikasema ni ghali na haitufai, hata ndani ya baraza la mawaziri la Waingereza wenyewe Clare Short aliipinga, na bado ikapita. Ukweli ulikuja kutoka wapi? London. Desemba 2010 BAE walikiri mahakamani kule kwamba hawakuweka sawasawa kumbukumbu za hesabu za malipo waliyomlipa wakala wao wa dili lile, na wakakubali kutulipa pauni milioni 29.5 ambazo zikaenda kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Nafurahi watoto walipata vitabu. Lakini jiulize, katika sakata lile lote umewahi kusikia kampuni iliyoshindana na BAE ikinyanyuka kusema mbona sisi tulikuwa na rada ya bei nafuu? Mimi sijawahi. Mshindani angekuwepo mwenye haki ya kupiga kelele mapema, pengine hiyo pesa isingetoka kabisa, tusingengoja miaka karibu 10 turudishiwe na mahakama ya watu wengine.

Kuna tofauti nyingine ambayo wenzetu wa huku wakiisikia wanashangaa, kwamba kwetu jeshi lenyewe ndiyo mkandarasi. SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa, lipo tangu 1981, inajenga, inalinda maofisi, na ule ukuta wa Mirerani wa kilomita 24.5 kuzunguka tanzanite umejengwa na wanajeshi wetu ukazinduliwa Aprili 2018. Mimi kwa hili sina dharau, kazi ilienda haraka na najivunia. Ila kijana mwenye kampuni yake ndogo atashindanaje na mwenye magwanda? Na upande wa teknolojia naona tunapoteza zaidi. Pentagon mwaka 2015 walifungua ofisi kule kule Silicon Valley ili wakatafute wenyewe makampuni madogo, maana waligundua akili nzuri zimekaa nje ya kambi. Sisi tuna Nyumbu pale Kibaha, kile kituo cha jeshi cha teknolojia ya magari, tuna vijana wanamaliza UDSM na DIT wanatengeneza droni za kupulizia mashamba kwa vipuri vya kuunga unga, na kinachohitajika ni jeshi kutangaza hadharani kwamba jamani tuna shida hii na hii, mwenye suluhisho alete, aliye bora apewe kazi na aliyekosa aambiwe sababu.

Sasa msije mkadhani nasifia huku kila kitu, hapana. Kuna uchafu, tena wa kutosha. Afisa anastaafu leo kesho yupo kwenye bodi ya kampuni aliyokuwa anaipa mikataba, na wapo waliovuka mstari kabisa, kama yule mama Darleen Druyun wa manunuzi ya Air Force aliyekuwa anaongea na Boeing kuhusu ajira yake huku bado anashughulikia mikataba yao, 2004 akahukumiwa miezi tisa jela na Boeing baadaye wakalipa dola milioni 615. Juni 2025 jeshi likawaapisha wakubwa wa Palantir, Meta (wenye Facebook) na OpenAI (wenye ChatGPT) kuwa maluteni kanali wa akiba, watu ambao kampuni zao zinataka mikataba ya jeshi hilo hilo, na mimi hapo sioni mpaka kati ya muuzaji na mnunuzi. Halafu kushtaki kunataka mawakili wa bei mbaya, kwa hiyo haki hii inawafaa zaidi wakubwa.

Na ushindani wenyewe unakula maadili. 2018 maelfu ya wafanyakazi wa Google walisaini barua kupinga mradi wa Maven, ule wa kutumia akili mnemba kuchambua picha za droni, kampuni ikakubali isiongeze mkataba na ikaandika ahadi kwamba haitatengeneza akili mnemba kwa ajili ya silaha. Februari 2025 ahadi ile ikaondolewa. OpenAI nao walikuwa wamekataza matumizi ya kijeshi, Januari 2024 wakalifuta katazo, na 2025 Pentagon ikatoa mikataba ya hadi dola milioni 200 kila mmoja kwa OpenAI, Anthropic, Google na xAI. Kila mmoja anaogopa kuachwa nyuma na mwenzake. Hili linanisumbua sana kwa sababu sisi Waafrika hatupo kwenye meza ya kuamua hizo mashine zitamlenga nani, na hata humu ndani mtu kama mimi mwenye grinikadi hupati kibali cha usalama, kazi nyingi za huku zimeandikwa kabisa kwamba lazima uwe raia.

Lakini hata hayo mabaya nimeyajua kwa sababu yaliandikwa. Ile miwani ya vita ya Microsoft, mkataba wa 2021 uliotajwa kufika karibu dola bilioni 22, askari walioijaribu walilalamika kichwa kuuma na kichefuchefu, ripoti ikatoka, na 2025 mradi ukahamia kwa Anduril, kampuni changa ya teknolojia za kijeshi. Kwetu mradi ukifeli hivyo tunakaa kusubiri ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, itasema nini, tunapiga kelele wiki mbili, basi.

Najua jibu litakuwa mambo ya jeshi ni siri. Haya, JWCC inabeba mpaka data za siri za juu kabisa za Marekani na bado mimi nimewatajia hapa kampuni nne, kiwango cha juu cha pesa na mwaka unaoisha. Kilichofichwa ni data zenyewe, sio bei wala jina la mshindi. Silaha na mipango ya vita ibaki siri, hilo silipingi. Ila kompyuta za ofisini, mifumo ya mishahara, magari ya kawaida, kamera za barabarani, hizo ningependa kuziona NeST kama tenda nyingine yoyote, na jina la aliyeshinda, kiasi, walioomba wangapi, na kila aliyekosa apewe barua ya sababu yenye saini ya mtu. Na aliye na kampuni hapo nyumbani ambaye ameshawahi kwenda PPAA, hata kama alishindwa, atusimulie ilikuwaje na kama alipata kazi tena baada ya hapo, kwa sababu wengi wanataka kwenda na hawajui yupi aliyewahi kurudi salama.