Jaji anapoomba kura

Tarehe 1 Aprili 2025, wananchi wa jimbo la Wisconsin, Marekani, walipiga kura kumchagua jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo lao. Kiti kilikuwa kimoja tu, lakini kampeni zilikula takriban dola milioni 100. Tajiri Elon Musk alifika mwenyewe, akawakabidhi wapiga kura wawili hundi ya dola milioni moja kila mmoja. Mgombea wake, Brad Schimel, akaangushwa na Susan Crawford.

Sisi tuliozoea kuona jaji akiapishwa mbele ya rais, hii ni sawa na refa kupigiwa kura na mashabiki. Hata hivyo, utaratibu huu ulikuwa na sababu zake. Mississippi ilianza kuwachagua majaji wake wote mwaka 1832, New York ikafuata 1846, watu wakiwa wamechoka kuona viti vya mahakama vikigawiwa marafiki wa wakubwa. Hoja hiyo haijafa. Jaji aliyeteuliwa na gavana naye anajua nani aliyempa ulaji.

Tena kura hufungua milango. Mwaka 2018, katika kaunti ya Harris yenye jiji la Houston, jimboni Texas, wanawake weusi 17 walishinda viti vya ujaji kwa mpigo. Sidhani uteuzi wa gavana ungewafikisha hapo. Ila tusijidanganye: wapiga kura wengi wa Texas mwaka ule waliweka alama moja tu ya chama, ikawapitisha wagombea wote wa chama hicho. Wimbi likivuma hivyo, linamzoa jaji mzembe na jaji hodari pamoja.

Kinachonitisha zaidi ni kisa cha West Virginia. Don Blankenship, bosi wa kampuni ya makaa ya mawe ya Massey, alikuwa na kesi: kampuni yake ilikuwa imeamriwa kulipa fidia ya dola milioni 50. Kabla rufaa haijasikilizwa, alitumia dola milioni 3 kumsaidia Brent Benjamin kushinda ujaji mwaka 2004. Benjamin akashinda, akakataa kujiondoa kwenye kesi hiyo, na kura yake ikawa miongoni mwa tatu dhidi ya mbili zilizofuta fidia. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema alipaswa kukaa kando, tena kwa kura tano dhidi ya nne. Hapakuthibitishwa rushwa yoyote. Mkono mtupu haulambwi, na huu haukuwa mtupu.

Wengine hutetea njia ya kati iliyoanzia Missouri mwaka 1940: kamati inapendekeza majina, gavana anateua, kisha baada ya muda wananchi wanaulizwa kama jaji abaki au aondoke. Iowa inatumia njia kama hiyo. Mwaka 2010 iliwang'oa majaji watatu wa mahakama yake ya juu, kwa sababu mwaka uliotangulia mahakama hiyo iliruhusu ndoa za jinsia moja. Watetezi wanauita huo uwajibikaji. Mimi naona majaji wengine wakisoma ujumbe.

Kwa hiyo kura ya kwanza hainisumbui sana. Ya pili ndiyo sumu. Mchague jaji kwa muhula mmoja mrefu asioweza kuurudia, na wafadhili watakosa cha kumtishia. Muhula wa Wisconsin ni miaka 10, unatosha kabisa. Ila sheria inamruhusu kugombea tena, na mwaka wa tisa kesi hazikomi kuja mezani kwake.