Kiti cha ofisini kilichotoka gerezani

Kiti ninachokalia kazini kimetoka gerezani, na nilikikalia miaka miwili bila kujua. Nilikuja kujua nilipohamishiwa idara ya ununuzi katika chuo cha umma ninakofanya kazi huku Marekani. Mama mmoja aliyenifunza kazi alinieleza utaratibu: ukitaka meza, kabati au kiti, usianze kuomba bei kwa wauzaji. Tazama kwanza orodha ya viwanda vya magereza ya jimbo. Wakiwa nacho na kinafaa, unaandika oda, basi. Hakuna zabuni.

Nimekulia Kenya, ambako kununua kitu cha magereza ni jambo la kujivunia. Kwenye maonyesho ya kilimo ya ASK banda la magereza halikosi watu. Mama yangu alinunua stuli pale nikiwa shule ya msingi, na mpaka leo fundi akija nyumbani huigeuza juu chini akitazama ilivyoungwa. Kwa hiyo sikushtuka kusikia kwamba wafungwa wanachonga viti. Kilichonishika ni lile neno "lazima". Mama alichagua stuli yake. Ofisi yangu haichagui, na aliyetengeneza kiti changu hakuchagua pia.

Serikali kuu ya huku iliingia katika mambo haya mwaka 1934, ilipoundwa kampuni ya umma ya viwanda vya magereza, ambayo tangu 1977 inatumia jina la UNICOR. Wakati huo watu wengi hawakuwa na ajira, na wenye viwanda pamoja na vyama vya wafanyakazi walilalamika kwamba hakuna anayeweza kushindana na jasho la mfungwa. Ikaamuliwa bidhaa hizo zisiingie sokoni kwa raia. Zitauzwa kwa serikali, na ofisi za serikali zitalazimika kuzinunua. Majimbo nayo yana taratibu zao. New York, kwa mfano, sheria inaweka bidhaa za magereza mbele ya zote katika foleni, hata mbele ya mashirika yanayoajiri vipofu na watu wenye ulemavu.

Mfungwa wa UNICOR hulipwa kati ya senti 23 na dola 1.15 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara nchini ni dola 7.25. Akiwa na faini ya mahakama au deni la matunzo ya mtoto, nusu ya senti hizo inakatwa. Na huyo ana afadhali, maana katika magereza ya jimbo la Texas na Georgia wafungwa wengi hufanya kazi bila kulipwa chochote.

Sheria ya ununuzi ya serikali kuu imelegezwa kiasi. Zamani ofisi iliyotaka kununua kwingine ilipaswa kuomba ruhusa kwa UNICOR wenyewe, yaani umwombe muuzaji akuruhusu umwache. Tangu miaka ya 2000 ofisi hulinganisha yenyewe bei, ubora na muda wa kuletewa mzigo. UNICOR wakionekana kushindwa katika hayo, wanashindana na wengine. Nakubali hayo ni maendeleo. Lakini tazameni kinacholinganishwa: bei, ubora, muda. Malipo ya aliyefanya kazi hayamo kwenye fomu yoyote niliyowahi kujaza. Nimeandika oda nyingi, na hakuna hata moja iliyoniuliza swali hilo.

Naye mnunuzi aliyefungwa mikono huletewa chochote. Mwaka 2016 mkaguzi wa Wizara ya Sheria alitoa ripoti kuhusu kofia za kivita zilizotengenezwa na kampuni hiyo ya magereza pamoja na kampuni binafsi iliyoshirikiana nayo. Zilikuwa na kasoro. Kofia 126,052 zikaitwa zirudishwe, na hasara ikapita dola milioni 19. Hizo ni kofia ambazo askari huweka kichwani aende mbele ya risasi.

Kuna mzee mmoja tunayekutana naye kanisani. Alikaa gerezani miaka mingi, na kazi yake huko ilikuwa kutengeneza vibao vya namba za magari, kazi ile ile inayofanywa kwetu katika gereza la Kamiti. Anaijua mashine ile kama anavyoijua mikono yake. Alipotoka, akagundua kwamba katika jimbo alilokuwa, hakuna kiwanda kingine kinachofanya kazi hiyo. Sheria imeiacha gerezani. Leo anasafisha sakafu za hospitali usiku. Kila mara nikiambiwa kwamba viwanda hivi vinawapa wafungwa ujuzi wa maisha, namkumbuka, na ninataka kuuliza: ujuzi wa kuutumia wapi?

Mizizi ya jambo hili huku iko ndani ya katiba. Marekebisho ya 13, ya mwaka 1865, yalipiga marufuku utumwa isipokuwa kama adhabu ya kosa la jinai. Neno "isipokuwa" limebeba mengi. Colorado ilipiga kura mwaka 2018 ikaliondoa katika katiba yake ya jimbo, na majimbo mengine yakafuata. California iliulizwa mwaka 2024, ikakataa.

Katiba yetu ya Kenya ya 2010 haina neno hilo panapokatazwa utumwa. Ibara ya 30 inasema mtu hatawekwa utumwani wala hatalazimishwa kufanya kazi, ikaishia hapo. Sidhani ni bahati. Sisi tunajua kazi ya kifungo ilivyo. Uwanja wa ndege wa Embakasi, ambao leo ni JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, ulijengwa kwa mikono ya watu waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipopambana na Mau Mau. Mashamba ya mpunga ya Mwea vilevile. Niliondokea uwanja huo nikija huku, na hakuna kibao nilichoona kinachowataja.

Jambo jingine linanikera. Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1930 inazuia kuingiza nchini bidhaa iliyotengenezwa na wafungwa wa nchi nyingine. Stuli ya mama ingezuiwa bandarini kwa sheria hiyo, huku ofisi yangu ikiamriwa kununua ya wafungwa wa hapa.

Sasa nyumbani tumeunda shirika la serikali la kuendesha mashamba na karakana za magereza kibiashara. Sina ugomvi nalo. Hofu yangu ni siku mtu atakaposimama bungeni apendekeze kila wizara na kila kaunti ilazimike kununua samani zake huko, na aseme hata Marekani wanafanya hivyo. Binamu yangu anachonga viti kando ya Ngong Road, Nairobi. Analipa kodi ya kibanda, analipia leseni ya kaunti, ananunua mbao kwa bei ya siku, na ana vijana wawili wanaomtegemea. Tumetenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na Ibara ya 227 ya katiba inadai ushindani na haki katika zabuni. Amri moja tu ya "lazima" ingevunja hayo yote, tena kwa jina la kuwasaidia wafungwa.

Ningekuwa na sauti, ningeomba magereza waingie katika zabuni kama fundi mwingine yeyote, na katika bei yao waonyeshe mfungwa analipwa kiasi gani kwa siku. Kiandikwe wazi kwenye LPO, yaani hati ya kuagizia bidhaa, mstari wake peke yake, mkaguzi akione na mwandishi wa habari akione. Na karakana zichague kazi ambazo ziko nje: useremala, ushonaji, uchomeleaji.

Mwaka huu nikijaliwa kurudi wakati wa maonyesho, nitapita banda la magereza. Nataka kumnunulia mama stuli ya pili. Nitauliza aliyeitengeneza analipwa shilingi ngapi, na nitasubiri jibu kabla sijatoa pesa.