Mbinu ya Kinyumenyume

Jamani nianze kwa kusema lugha yenyewe ilinionya. Kwenye hii biashara ya dhahabu ya mtandaoni ukinunua, yaani unabashiri bei itapanda, wanasema umeingia bai, ukiuza, yaani unabashiri itashuka, umeingia seli, na hela yako ya dhamana, ile anayoishika dalali biashara ikiwa wazi, ikikaribia kukatika wanasema umepigiwa simu na majini. Bai, seli, majini. Mtu mwenye akili zake angesikia maneno hayo matatu akafunika laptopu akalala. Mimi nikafungua akaunti nikaweka dola 400.

Ilikuwa katikati ya 2025 na dhahabu ilikuwa haishikiki, mwezi wa nne iligusa dola 3,500 kwa aunsi halafu ikarudi ikawa inayumbayumba huko kwenye 3,300 na kitu, leo juu kesho chini keshokutwa hata haieleweki, na sisi watu wa muda mfupi huko kuyumba ndo riziki yetu, hatuna habari itakuwa bei gani mwaka ujao, tunataka kujua itakuwa bei gani kabla chai haijapoa. Hesabu yake ni nyepesi. Loti moja, ndo kipimo cha biashara yenyewe, ni aunsi 100, kwa hiyo ukiweka loti 0.01 umeshika aunsi moja, bei ikisogea dola moja umepata dola moja au imeondoka dola moja. Ukiweka 0.30 basi kila dola moja ni dola 30. Hiyo 30 naomba uishike, tutakutana nayo huko mbele.

Sasa vifaa vya kazi. Programu ya dalali ipo kwenye simu, huko ndo naingilia, chati naisomea kwenye laptopu maana ina kioo kikubwa. Tatizo hiyo laptopu ilishaangukaga, ina mstari mweusi upande wa kulia wa upana wa vidole viwili, na umekaa palepale chati inapoandika namba za bei. Nikasema si neno, bei si ipo kwenye simu, huku nataka umbo tu. Halafu kuna jamaa mmoja nilikuwa naangalia video zake usiku kucha, akasema rangi ya kijani na nyekundu zinampandisha mtu presha, mishumaa yote, yaani vile vijiti vya bei kwenye chati, ifanye rangi moja usome soko bila hisia. Nikaifanya yote myeusi. Kwa hiyo mpaka hapo nina chati isiyo na namba na isiyo na rangi, na nilikuwa najiona nimeendelea.

Jumapili moja soko limefungwa nikaamua kufanya usafi, nikachukua kitambaa nikasugua kibodi laptopu ikiwa inawaka, nikasugua kwelikweli mpaka kwenye kona. Baadaye sana ndo nilikuja kujua kwamba ile programu ya chati ukibonyeza Alt pamoja na I inapindua chati nzima, juu inakuwa chini, chini inakuwa juu. Kitambaa kilibonyeza. Mimi sikuona kitu, ni nani anayekumbuka mawimbi ya wiki iliyopita yalikaaje? Ni kama uniulize moshi wa jana ulikuwa na sura gani.

Jumatatu nikaamka na nguvu, nikafungua chati, nikakuta kichwa na mabega. Wanaojua wanajua, vilima vitatu, cha katikati kirefu, vya pembeni vifupi, maana yake bei imechoka inashuka. Kilikuwa kizuri jamani, kama mtu amepigwa picha ya kitambulisho. Nikaingia seli. Nikaangalia laptopu, inashuka kama nilivyosema, nikapiga kofi moja peke yangu chumbani. Nikaangalia simu nihesabu faida, nikakuta minasi 12.

Nikazima data nikawasha. Minasi 15.

Laptopu inashuka simu inapanda. Sasa wewe hapo ungefikiria nini? Mimi nilifikiria mtandao unachelewa. Siku ya pili nikafikiria dalali ananiibia. Nikawaandikia huduma kwa wateja ujumbe mrefu wenye hasira, nikawaambia mnachezea bei nina ushahidi, wakanijibu kwa adabu kabisa wakaniomba niwatumie picha ya huo ushahidi, nikawapigia picha skrini yangu yenye ufa, chati nyeusi, haina namba hata moja. Hawakujibu tena na siwalaumu.

Wiki ile nilijaribu kila kitu. Nikajifunza London wanapanga bei ya dhahabu mara mbili kwa siku, saa nne na nusu asubuhi na saa tisa alasiri kwa saa zao, nikawa nakaa mbele ya chati saa hizo kama paka mbele ya shimo la panya. Nikajifunza masaa ambayo London na New York zote ziko wazi ndo dhahabu inaruka zaidi. Nikajifunza dola ikichechemea dhahabu inainuka, na riba ikipanda dhahabu inalegea kwa sababu dhahabu yenyewe haikulipi riba, inakaa tu inang'aa. Yote hayo nikayajua vizuri na yote yakawa yananikataa. Habari zinasema dola imeanguka, nategemea dhahabu ipande, nafungua laptopu naikuta inaporomoka. Nikamwambia mke wangu soko la dunia limeharibika. Akaniuliza la dunia au la kwako? Nikanyamaza. Ijumaa akaunti ikawa na dola 260.

Usiku wa siku hiyo ndo nikapata ufunuo. Nikapitia biashara zangu zote za wiki, kumi na nne, nikakuta kumi na mbili zimekufa, na nikagundua kwamba kama ningefanya kinyume katika kila moja ningekuwa tajiri. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Mimi nikasema wakubwa wa benki wanatengeneza chati ili watu wadogo waone seli wakati wao wananunua, kwa hiyo dawa ni moja tu: ukiona seli ingia bai, ukiona bai ingia seli. Nikaipa na jina, Mbinu ya Kinyumenyume. Nikaiandika kwenye daftari jipya.

Na ikafanya kazi! Ikafanya kazi vibaya sana. Wiki ya kwanza nikarudi dola 330, wiki ya pili 450, naona vilele viwili, alama ya kushuka, nanunua, naona mabonde mawili, alama ya kupanda, nauza, natembea nyumbani mikono nyuma kama mzee wa baraza. Nikafikia mahali naongea peke yangu, naiambia chati "najua unachonificha".

Kosa langu likawa kumfundisha shemeji, kaka yake mke wangu. Naye yumo kwenye dhahabu, ana chati ya kawaida, namba zinaonekana, rangi zipo, mtu wa kujiwekea vitu vyake vizuri. Nikamkalisha masaa mawili nikampa siri yote. Akaenda kuitumia siku tatu akapoteza hela kila siku. Akanipigia, "shemeji, mbona mimi nakufa?" Nikamwambia shemeji wewe unafanya kinyume kwa mdomo tu, moyoni bado unaamini chati. Akakaa kimya kwenye simu muda mrefu. Akasema haya.

Jumatano ya tarehe 30 Julai benki kuu ya Marekani wakaacha riba palepale, asilimia 4.25 hadi 4.50, dhahabu ikashuka mpaka chini ya 3,280, na kwenye chati yangu si ilionekana inapaa, nikaona bai kubwa, nikaingia seli, dola 90 mfukoni. Akaunti ikasoma 610. Nilimnunulia hadi mke wangu zawadi kwa hela ambayo bado haijatoka.

Alhamisi jioni binti yangu, yupo sekondari, akaomba laptopu afanye kazi ya shule. Akaifungua akakuta chati. Sikuwepo. Nimeyajua haya baadaye kwa mahojiano. Anasema aliiangalia kidogo akaona kivuli cha namba pembeni ya ule ufa, ndogo ziko juu kubwa ziko chini, na wao darasani wamefundishwa mhimili unapanda kwenda juu, kwa hiyo akaona baba kakosea, akatafuta akairudisha. Hakuniambia kwa sababu, nanukuu, "nilijua utashukuru ukiona".

Ijumaa tarehe 1 Agosti ilikuwa siku ya ripoti ya ajira ya Marekani. Kama hujawahi kufanya dhahabu siku hiyo, ni hivi: hutoka saa mbili na nusu asubuhi ya New York, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na dakika zile spredi, ile tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, inatanuka kama mdomo wa kiboko, bei inaruka dola kumi ishirini kabla hujameza mate. Ajira zikiwa nyingi dola inapata nguvu dhahabu inashuka, zikiwa chache inapanda. Wenye busara wanakaa pembeni. Mimi nilikuwa na daftari.

Nikafungua laptopu nusu saa kabla. Nikaona Jumatano bei ilianguka, wakati mimi nakumbuka kwenye chati ilipanda, nikajisemea huu sasa ni umri. Nikaona imekanyaga chini, imekataa kwenda zaidi, inajiinua taratibu karibu na 3,300. Kila alama inasema itapanda. Nilisoma vizuri jamani, nataka hilo lieleweke, ndo siku pekee tangu ile Jumapili ya kitambaa nilipoisoma dhahabu sawasawa bila kukosea hata nukta. Halafu nikafuata mbinu.

Nikaingia seli. 0.30. Stop losi, yaani agizo la kufunga biashara hasara ikifika pale ulipopanga, sikuweka, kwa sababu kwenye daftari niliandika mimi mwenyewe kwamba stop losi ni ya watu wanaoenda na chati. Dhamana iliyoshikwa karibu dola 198, levereji, yaani nguvu ya kukopa kwa dalali, ni ile ya moja kwa 500, ile ambayo ukiisikia unadhani umepewa zawadi. Nikamtumia shemeji ujumbe: "Uza. Usiogope." Akajibu "Umeona seli shemeji?" Nikamwambia nimeona bai, ndo maana nauza. Akajibu sawa shemeji.

Saa ikafika. Watabiri walikuwa wanasema ajira mpya za Julai zitakuwa laki moja na ushee, ikatoka 73,000. Kama hiyo haitoshi wakarudi nyuma wakasahihisha Mei na Juni, wakaondoa 258,000 kwa mpigo, yaani watu wote hao walihesabiwa wana kazi kumbe hawapo. Habari ile ilikuwa kubwa mpaka siku hiyohiyo Trump akamfukuza kamishna wa idara ya takwimu za kazi. Mimi na yule mama kamishna tulipoteza vyetu siku moja.

Dhahabu ikaruka. Kwenye simu inapanda, nikageukia laptopu nione inashuka kama kawaida yake, na laptopu nayo inapanda! Wote wawili wanapanda! Hapo ndo nilipoogopa kwa mara ya kwanza, siyo kwa ajili ya hela, niliogopa kwamba vile vifaa vimepatana. Nikaigonga laptopu ubavuni. Minasi 90, minasi 210, minasi 300 na kitu, kila dola ni 30, nilikwambia uishike. Kidole kipo juu ya kitufe cha kufunga na kichwa kinasema subiri itarudi, dhahabu hurudi, na kweli hurudi, ila ina ratiba yake na haikuniuliza mimi ya kwangu.

Dakika chache tu, ikawa imeondoka kama dola 17, simu ikalia ule mlio mfupi. Majini. Kwa dalali wangu salio likifika nusu ya dhamana mfumo unakufungia wenyewe bila hodi. Katika 610 nikabakiwa na dola 84. Ile dhahabu ikaendelea kupanda bila mimi, imefunga siku juu ya 3,350.

Nimekaa pale nimeduwaa binti yangu akapita na glasi ya maji, akachungulia, akasema "Baba, umeona chati sasa imekaa vizuri? Jana ilikuwa kichwa chini."

Nikamuuliza ilikuwa nini? Akairudia pole pole kama anamwambia mgonjwa. Akabonyeza Alt na I, chati ikapinduka mbele ya macho yangu, ikawa ile ninayoijua. Akabonyeza tena ikarudi. Nikamwomba anipeleke nyuma mpaka ile Jumatatu ya kwanza, nikamwona yule mtu wangu wa kitambulisho, kichwa na mabega, kumbe wiki zote zile alikuwa amesimama kwa kichwa miguu juu. Nikakumbuka ujumbe wangu kwa huduma kwa wateja. Nikakumbuka na yule shemeji niliyemwambia moyo wake hauamini.

Nikampigia kumpa pole. Nikaanza kwa mbali, nikamwambia shemeji leo tumepata msiba, nisamehe, ile mbinu ilikuwa na kasoro kidogo. Akaniambia kasoro gani tena, mbona yeye kapata dola 400 na zaidi? Nikashangaa, si nilikwambia uuze? Akasema ndiyo shemeji, na wewe ndiye uliyenifundisha kinyume, nikaona chati yangu haina shida, nikatafuta kitu kingine cha kufanyia kinyume. Nikanunua.

Tangu siku hiyo hajawahi kunisahau. Kila asubuhi kabla London haijafungua ananitumia ujumbe, "shemeji, leo unaionaje dhahabu?" Leo nimemwambia naona inashuka. Akaniuliza nina uhakika? Nikamwambia kabisa, nimeangalia na namba, nimerudisha na rangi. Akasema asante sana shemeji, ngoja kwanza ninunue ntakupigia.