Skrini kwenye siti za nyuma: usukani, tumbo la mtoto na kazi ya fundi

Magari mengi ya familia yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam yakiwa mitumba kutoka Japani, hasa Toyota Alphard, Noah na Voxy, huja na skrini iliyokunjwa darini, tayari kuteremshwa mbele ya abiria wa nyuma. Ambaye gari lake halina humwendea fundi amfungie, ama ya darini, ama mbili ndogo nyuma ya viegemeo vya kichwa vya siti za mbele. Hapo mabishano ya nyumbani huanza, na mara nyingi huwa ya malezi: mzazi mmoja anasema watoto wametulia, mwingine anasema wanazoeshwa vibaya. Nimezifungisha skrini hizo na nimesafiri nazo kwa muda wa kutosha, na naona mabishano hayo tunayaanzia katikati. Kabla ya malezi kuna usukani, kuna tumbo la mtoto, na kuna kazi ya fundi.

Kwenye usukani ndiko hoja ya wanaozitaka ilikolalia. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni takriban kilomita 500, na kwa vibao vya kilomita 50 kwa saa katika vijiji vya njiani, pamoja na malori yanayokwenda Zambia na Kongo, safari hiyo humeza siku nzima. Kabla ya kufika Chalinze mtoto mmoja ameshamsukuma mwenzake, mwingine analia, na dereva anageuka kuamua ugomvi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Anayegeuka kwa sekunde 2 ameendesha zaidi ya mita 40 bila kuiona barabara, huku malori yakimpita kwa karibu upande wa pili. Mzazi anayesafiri peke yake na watoto, bila mtu mzima wa kukaa nao nyuma, namwelewa kabisa anapotafuta kitu cha kuwashika. Ila chombo hichohicho kinaweza kumrudisha dereva kwenye kosa lilelile: filamu ikikwama, mtoto ataita, na mkono utaondoka kwenye usukani kutafuta rimoti. Kama filamu haiwezi kujiendesha yenyewe hadi kituo kinachofuata, faida yote niliyoitaja imepotea.

Kuhusu tumbo, nilifundishwa na mlima Kitonga, wenye kona kali kabla ya kufika Iringa. Mtoto anapotazama katuni ndani ya gari linalokata kona, macho yanauambia ubongo kwamba kila kitu kimetulia, ilhali sikio la ndani linahisi kila kona na kila breki. Taarifa hizo mbili zikipingana, kichefuchefu hufuata, na watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio wanaoathirika zaidi. Binti yangu, wakati huo akiwa na miaka 6, alikuwa akitazama katuni tangu Ruaha Mbuyuni, pale tuliponunua vitunguu. Mlima ulipoanza alinyamaza, nami nikadhani amesinzia. Kona kama nne hivi baadaye akasema, “Baba, mate yananijaa,” na kwa kuwa Kitonga huwezi kuegesha popote utakapo, alitapika akiwa bado amefungwa mkanda, akalowesha siti na ndala za kaka yake. Siti ilisafishwa Ilula ikaisha. Lililonikaa moyoni ni kwamba uso wake lazima ulikuwa umebadilika muda mrefu kabla ya kusema neno, na hakuna aliyemtazama, kwa sababu kimya chake kilikuwa ndicho tulichokitaka.

Sasa malezi yenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na wa mwaka 1 kurudi chini wasitazame kabisa. Filamu moja ndefu humaliza kipimo hicho. Hata hivyo sioni kwamba safari ya likizo mara mbili kwa mwaka itamharibu mtoto. Ninachokihofia ni skrini kuwashwa kila asubuhi na kila jioni kwenye foleni ya kwenda na kurudi shule, kwani muda huo ndio mtoto anaosimulia nani alimpiga na nini hakukielewa darasani. Nahofia pia Mikumi, ambako barabara kuu hupita kwa kilomita zipatazo 50 ndani ya hifadhi, na twiga na tembo huonekana kutoka dirishani. Mtoto anayepita hapo ameinamia katuni amenyimwa kitu ambacho wengine husafiri kutoka Ulaya kuja kukitazama.

Jambo linalozungumzwa kidogo mno ni ufungaji. Skrini au kishikwambi cha kilo 1 kilichoshikizwa kwa mikanda ya mpira nyuma ya kiegemeo, gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa, huweza kuchomoka na kurushwa ndani ya gari, na kilicho karibu zaidi ni uso wa mtoto. Hata kilichofungwa imara bado ni kitu kigumu mahali ambapo kichwa hurushwa. Ya darini ni salama zaidi kwa hilo, lakini ikiteremshwa huweza kuziba kioo cha ndani cha kutazama nyuma, na nyaya zake zikipitishwa ovyo kwenye nguzo za pembeni zinaweza kuuzuia mfuko wa hewa wa pazia, ule unaoshuka dirishani kulinda kichwa, usifunguke. Fundi wa kwanza niliyemwendea alichukua umeme moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi, akazungushia tepu nyeusi. Wiki ya pili betri ililala chini, na tulipofungua tulikuta tepu imelainika kwa joto. Waya unatakiwa utoke kwenye mkondo unaokatika ufunguo unapozimwa, na uwe na fyuzi yake. Tena kuna mafundi wanaounga waya wa breki ya mkono, ule unaoijulisha skrini kwamba gari limesimama, kwenye bodi ya gari ili skrini ya dashibodi nayo ioneshe video gari likiwa linatembea. Wajapani waliizuia kwa makusudi, na fundi anayependekeza hilo aachwe.

Kwa hiyo ya darini naikubali, kwa safari ndefu na kwenye barabara iliyonyooka; za kwenye viegemeo nimezitoa. Na kabla mtu hajalipia yoyote kati ya hizo, ainue vitambaa vya siti za nyuma aangalie mikanda iliko, maana katika magari mengi niliyopanda imefukiwa chini ya vitambaa hivyo, na watoto wanatazama katuni wakiwa wamesimama katikati ya siti mbili za mbele.