Hilo ni kosa gani la mantiki?

Juzi jioni, mvua ikimwagika, jirani yangu alinikuta kwenye ngazi, viatu mkononi. "Mwalimu, hebu niambie. Makanga amenitoza 100 badala ya 50. Kumuuliza mbona, akanijibu, 'Hutaki, shuka.' Hilo ni kosa gani la mantiki?"

Si kosa la mantiki, nikamwambia. Ni ujeuri tu.

Hakupenda. Alitaka jina, tena la Kilatini kama lipo, akamrushie makanga kesho.

Maswali ya aina hii yamenichosha. Tangu ijulikane kwamba nilisoma falsafa, watu hawaniletei hoja, wananiletea ugomvi uliokatwa kichwa na mkia. "Mtu akisema hivi, ni kosa gani?" Alikuwa anajibu nini? Alitaka kuthibitisha nini? Kimya. Kosa la mantiki hukaa pale sababu inapoungwa na hitimisho. Ukinipa sentensi moja ni sawa na kwenda Kirinyaga Road, Nairobi, kuulizia spea bila kutaja gari. Muuzaji hatainua hata kichwa.

Chukua tusi. "Wewe mlevi" ni tusi, basi. Lakini "msimsikilize, ni mlevi" kwa mtu anayesema bomba la maji limepasuka, hapo kuna kosa: bomba halizibiki kwa sababu aliyeliona amelewa. Mtu huyohuyo akiomba kupewa usukani wa matatu, ulevi wake ni sababu nzuri kabisa ya kumkatalia. Neno ni lilelile, kazi yake ndiyo imebadilika. Sasa wewe umeniletea neno "mlevi" peke yake, nikujibu nini?

Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliorodhesha makosa 13. Leo zipo orodha zinazopita mia, na watu huzisoma kama menyu ya hoteli. (Mimi mwenyewe, mwaka wa kwanza chuoni, sikuwa na adabu. Hata mamangu nilimtajia Kilatini.)

Jirani alipanda ngazi mbili, akageuka. "Na kama angesema: mvua ikinyesha nauli hupanda siku zote, kwa hivyo ni haki ipande?"

Siku zote, kwa hivyo ni haki. Sababu hii hapa, hitimisho lile pale, na kati yao pengo la kupitisha basi zima. Ingawa nauli yenyewe huenda ni halali kwa sababu nyingine, tukianza na foleni.

Nikamwambia aingie, chai iko jikoni.