Kuzamia na papa bado si kumlinda

Wapenzi wa kuzamia na papa wana namba wasiyochoka kuitaja: dola za Marekani milioni 1.9. Utafiti uliofanywa Palau na kutangazwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba papa mmoja wa miambani, akiachwa hai watalii waje kumwona, huingiza kiasi hicho katika maisha yake yote. Akivuliwa, angeuzwa kwa dola 108. Palau ilikuwa imeshapiga marufuku uvuvi wa papa katika maji yake yote tangu 2009, na hesabu hiyo ikawapa watetezi wa papa kwingineko hoja ambayo hata waziri wa fedha anaielewa.

Hoja ni nzuri, ila haifiki mbali kama tunavyodhani. Papa waliohesabiwa walikuwa kama mia moja tu, wakazi wa miamba inayotembelewa na boti kila siku. Hakuna anayekata tiketi kwenda kumtazama papa wa kilindini ambaye ini lake hukamuliwa mafuta ya skwaleni ya kutengenezea vipodozi. Papa mako huonekana na wazamiaji mahali pachache mno, lakini mishipi mirefu yenye ndoana nyingi ya meli za jodari humnasa katika bahari zote za joto. Utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba papa na samaki aina ya taa wa bahari kuu walipungua kwa asilimia 71 kati ya 1970 na 2018. Ni miaka hiyohiyo ambayo biashara ya kuzamia na papa ilizaliwa na kukua.

Ndiyo maana nasema mbizi humfaa papa pale tu inapotimiza masharti mawili: isimharibie mwenendo wake, na mzamiaji apande juu na kitu ambacho afisa wa uvuvi anaweza kukitumia. Picha ya mtu akimshika papa pua haitimizi hata moja.

Tuanze na sharti la kwanza, maana hapo ndipo uzembe ulipo mwingi. Papa kijivu wa miambani akibanwa hutoa onyo lisilo na utata: hushusha mapezi ya kifuani, hupinda mgongo, huinua pua, kisha huogelea kwa kujinyonganyonga kama mtu aliyefungwa kamba kiunoni. Wazamiaji wasiojua hudhani anawachezea, wakasogeza kamera. Kumbe anaomba njia. Cha kufanya ni kuzima taa ya kamera, kutomkimbilia wala kumgeuzia mgongo, na kurudi nyuma polepole huku ukimtazama, mpaka upande wa bahari wazi ubaki mtupu. Mara nyingi anayesababisha hali hiyo ni mpiga picha aliyemfuata hadi kwenye kona ya mwamba, au kundi lililojipanga nusu duara na kumzibia.

Papa wa bahari kuu mwenye ncha nyeupe za mapezi ni habari nyingine. Huyu hutafuta chakula mahali penye uhaba, kwa hiyo kila kinachoelea hukikagua, tena kwa karibu. Hatari haiko sana kule chini kundi linapokuwa pamoja. Iko kwenye zile dakika 3 za kusimama kwenye mita 5 kabla ya kupanda, kundi linapotawanyika, kila mtu akitazama kipimo chake na miguu ikining'inia. Kaeni wima, mgongo kwa mgongo, mmoja wenu akimfuata papa kwa macho muda wote. Mkifika juu, uso ubaki majini hadi zamu yako ya ngazi ifike, na mapezi ya miguuni yasivuliwe kabla mkono haujaishika ngazi. Papa akianza kupunguza duara na kurudi kila mara, mbizi imekwisha, hata kama mtungi una hewa nusu.

Mikono ikae kifuani, ndani ya glavu nyeusi ikiwezekana, kwa sababu kiganja cheupe kinachopungapunga kwenye maji yenye ukungu hufanana sana na samaki aliyejeruhiwa. Papa ana vitundu puani vinavyohisi umeme hafifu, na chuma ndani ya maji ya chumvi hutoa umeme wa aina hiyo. Ndiyo sababu papa huja kung'ata kizimba, taa ya kamera au panga za injini wakati nyama iko pembeni. Hana hasira yoyote, ila akiwa karibu sana umeme humvuta kuliko harufu.

Kuhusu chambo cha kumvutia papa, siko upande wa wanaotaka kipigwe marufuku kila mahali. Florida ilikataza kulisha papa mwaka 2001, Bahamas wanaruhusu. Utafiti wa 2012 uliolinganisha papa-milia wa sehemu hizo mbili kwa vifaa vya setilaiti haukukuta kwamba wale wa Bahamas wamegeuka wavivu wa kusubiri kulishwa, kwani walisafiri mbali. Lakini matokeo ya papa-milia huwezi kumvika papa potwe, yule mkubwa kuliko samaki wote. Kule Oslob, Ufilipino, wanakorushiwa uduvi kutoka kwenye mitumbwi, wamezoea kuifuata boti, na papa anayezoea boti huwa hatarini kukatwa na panga za injini.

Chambo kinapotumika, kazi yote ni kuusoma mkondo. Harufu hufuata maji, na papa hufuata harufu. Wazamiaji wakae juu ya mkondo au ubavuni, kamwe wasikae kwenye njia ya harufu. Mkondo ukigeuka katikati ya mbizi, kisanduku cha chambo kifungwe papo hapo. Pale mnapopiga magoti mchangani, ongeza kilo 1 au 2 za vizito vya risasi kiunoni ili usiinuke kila unapovuta pumzi. Anayeinuka kidogo hupapatika, na anayepapatika huvutia macho. Chambo kitoke kwenye kisanduku chenye kifuniko, kishikwe na mtu mmoja aliyevaa nguo ya pete za chuma. Ukiona kiongozi anamlisha papa kwa mkono mtupu ili wateja wapige video, jua anamfundisha kuwa mkono wa binadamu una samaki. Mtu wa kesho atakayeingia majini hapo bila chochote ndiye atakayelipa.

Kwa papa potwe, kanuni za Ningaloo, Australia, zinatosha kuigwa: mita 3 kutoka mwilini, mita 4 kutoka mkiani, watu wasizidi 10 majini kwa mara moja. Hakuna kugusa, hakuna fleshi.

Sasa sharti la pili, ambalo wenye boti wengi hawaligusi kabisa. Kila papa potwe ana madoa yake, kama sisi tulivyo na alama za vidole. Picha inayotakiwa ni ya ubavu wa kushoto, eneo lililo nyuma ya tundu la tano la matamvua na juu ya pezi la kifuani, iliyopigwa ukiwa sambamba naye, bila kumkatia pembeni. Programu inayolinganisha madoa hayo ilitokana na hesabu za wanaastronomia za kutambua mpangilio wa nyota, na ilianza kutumika kwa papa mwaka 2005. Picha iliyopigwa kwa mbele, mdomo wazi, inapendeza sana na haina faida yoyote kwa utambuzi. Ongeza tarehe, mahali, kina, jinsia na makovu. Dume ana viungo viwili virefu chini, kati ya mapezi ya nyuma, jike hana. Andika pia ndoana iliyobaki mdomoni, upande gani, na kama inaburuta waya au nailoni.

Nailoni na waya ndiyo kiini cha jambo. Papa aliyenaswa kwenye mshipi mrefu wenye kipande cha nailoni karibu na ndoana mara nyingi huikata kwa meno na kuondoka. Kikiwa cha waya hubaki hapo kwa saa kadhaa hadi meli ivute, na papa-nyundo kwa mfano wengi hufika juu wamekufa. Ndoana ya mviringo inasifiwa sana, na kweli hunasa pembeni mwa mdomo badala ya tumboni, lakini ukiifunga kwenye waya umemfanya papa ashindwe kabisa kukimbia. Viwili hivyo lazima viende pamoja: mviringo na nailoni. Tume ya uvuvi ya Pasifiki ya Magharibi na Kati ilikubali mwaka 2022 kuondoa waya katika eneo kubwa la tropiki kuanzia 2024. Kwa papa wa bahari kuu, uamuzi huo unaweza kuokoa wengi kuliko mabango yote ya boti za kuzamia.

Kuna suala la mapezi pia, yanayokatwa yauzwe huku mwili ukitupwa baharini. Zamani Umoja wa Ulaya uliruhusu mapezi yakatwe baharini mradi uzito wake usizidi asilimia 5 ya samaki mzima. Ilikuwa mwanya mpana, kwa sababu mtu aliweza kuchanganya mapezi ya hawa na miili ya wale, na mkaguzi bandarini hana njia ya kujua. Tangu 2013 papa hushushwa na mapezi yake mwilini. Wavuvi walilalamika kwamba hawapangiki kwenye barafu, lakini pezi likikatwa nusu na kukunjwa ubavuni tatizo linaisha. Nchi ambayo bado inatumia kipimo cha uzito haina kisingizio.

Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, nao umepanuka. Mwaka 2022, mjini Panama, familia nzima ya papa wa miambani na jamaa zao iliingizwa kwenye Kiambatisho cha II. Hiyo haimaanishi biashara imekatazwa. Inamaanisha nchi inayouza nje ithibitishe kwanza kwamba uvuvi wake hauwamalizi, na uthibitisho huo unahitaji takwimu ambazo idara nyingi za uvuvi hazina. Daftari la boti inayozamia mahali palepale kila wiki kwa miaka linaweza kuziba sehemu ya pengo hilo, kama mtu atajisumbua kulituma.

Kwa hiyo kabla ya kulipia safari, muulize mwenye boti maswali haya. Picha na hesabu zenu huwa mnampelekea nani? Sehemu gani ya ada huenda kwa wanaolinda eneo, au kwa wavuvi walioacha kulivua? Mnasimamisha mbizi kwa dalili zipi? Asiyekuwa na jibu la swali la tatu, usiingie naye majini. Asiyekuwa na jibu la mawili ya mwanzo huenda ni kiongozi salama kabisa, ila asikuuzie tiketi kwa jina la uhifadhi.