Uongo njoo: kasri la Orlando na nyufa za Harambe

Nilipompelekea mama zile picha, alikaa kimya kidogo kisha akanitumia sauti: "Mwanangu, hapo ni wapi? Mbona kama Wete ya zamani? Na hao wenye nyumba hawana wa kuwapakia chokaa, na Idi hii imeshafika?"

Si Wete ya kwetu Pemba. Ni Harambe, kijiji cha kubuni ndani ya bustani ya burudani ya Disney's Animal Kingdom, pembeni mwa Orlando, Florida, ambako huu ni mwaka wangu wa tisa. Bustani ilifunguliwa Aprili 1998, na wabunifu wake walizunguka Afrika Mashariki kabla ya kujenga. Lamu ndiyo iliyowakaa zaidi kichwani, na inaonekana: kuta nyeupe zilizopigwa na mvua, milango ya mbao, matangazo ya dukani yaliyoandikwa kwa brashi yakafifia. Ukutani pameandikwa "Uhuru 1961". Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Hata mji usiokuwepo umepata uhuru mwaka mmoja na Tanganyika, sisi Zanzibar tukangoja mpaka Disemba 1963.

Sitaki kuwa mchoyo wa sifa. Siku ya kwanza koo lilinikaba. Ukiwa ndio kwanza umehama, hujazoea hata mkate wao, halafu ukakuta neno "karibu" limeandikwa sawasawa, unataka kukaa chini. Mafundi waliofanya kazi ile ni mafundi hasa.

Kinachonikera ni kwamba plasta ile haikubanduka. Imebanduliwa. Kutu imepakwa kwa brashi, nyufa zimechongwa. Njia ya magari ya safari imemwagwa zege, na zege likiwa bichi likakandamizwa alama za matairi ili lifanane na tope la masika. Mtu wa Pemba aliyekulia ndani ya chai maharage, yale magari yetu ya abiria, akirushwa kila korongo, analipa zaidi ya dola 100 akarushwe tena kwa korongo lililopimwa na mhandisi! Mibuyu ya humo ni ya saruji. Miti unayoidhania migunga ni mialoni ya Marekani iliyopogolewa vichwa vikawa bapa. Kuezeka, waliletwa mafundi wa Kizulu kutoka Afrika Kusini, wakaezeka kwa nyasi. Mji wa pwani ya Waswahili usiokuwa na kuti hata moja. Mama aliliona hilo kwenye picha ya pili tu.

Sasa nenda Magic Kingdom, bustani nyingine ya Disney, si mbali kwa gari. Kasri la Cinderella lilifunguliwa mwaka 1971, lina urefu wa futi 189, na hakuna tofali ndani yake: ni chuma, zege na faibaglasi. Kadiri linavyokwenda juu ndivyo madirisha na yale yanayoitwa mawe yanavyopunguzwa ukubwa, jicho lipumbazike lidhani jengo ni refu zaidi. Uongo mtupu, na wala haunisumbui.

Bibi yangu hakuanza ngano bila kutuomba ruhusa. "Hadithi, hadithi!" Nasi mkekani: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Tumeuita wenyewe, kwa jina lake. Baada ya hapo sungura akivaa kanzu akenda kuoa, hakuna wa kumuuliza bibi kanzu ilishonwa wapi. Kasri la Orlando limeitikiwa namna hiyo. Sijapata kumwona mtu akitoka pale akidhani sasa anajua Wazungu wanaishije.

Harambe haikuomba ruhusa. Inasema: hivi ndivyo kulivyo. Jirani yangu, mama mmoja mpole anayetuletea keki kila mwisho wa mwaka, aliniuliza kama watu wa kwetu huwa hatuna desturi ya kutengeneza nyumba zetu. Wiki ile alikuwa ametoka kule na wajukuu. Ningemjibuje? Kwamba nyumba yetu hupakwa chokaa kila Ramadhani ikielekea ukingoni, kwamba dada yangu ametia madirisha ya alumini, kwamba duka la jirani lina rangi ya kampuni ya simu toka chini hadi juu? Hayo nayo ni kweli, ila hayakuchaguliwa.

Na angalia mtaa wanaoupita kabla ya kufika kasrini, ule wa Main Street. Hapo wamejijengea wenyewe mji mdogo wa Marekani ya zamani. Rangi inang'aa, hakuna ubao uliooza wala bati lenye kutu. Marekani ya wakati ule haikuwa na matope? Yao wameitengeneza kama mtu anavyomkumbuka marehemu. Uhalisia wametuwekea sisi.

Nyufa za kweli tunazijua. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka pale Forodhani na watu wawili wakafariki. Tangu siku hiyo siwezi kutazama ufa wa mapambo bila kutafuta mlango wa kutokea.

Lakini tusijisahau na sisi. Likizo iliyopita nililala usiku mmoja katika nyumba ya wageni Mji Mkongwe nikingoja boti. Ukuta wa ngazi ulikuwa umeachwa mawe nje. Nikamuuliza mwenyewe fundi anarudi lini. Akacheka: "Kaka, huo ukuta ndio unaopigwa picha kuliko vyumba." Mlangoni kasimama askari kavaa shuka za Kimasai, kijana wa watu, anamsalimia kila mgeni "jambo jambo" kama kanda. Nikajiona niko Harambe, tofauti ni kwamba hapa kuna urojo.

Siku ya Idi nilikuwa Chake Chake, Pemba, nikampeleka binti yangu uwanja wa kufurahishia watoto Tibirinzi. Amezaliwa Orlando, ana miaka saba. Alisimama mbele ya pembea akaniuliza kwa Kiingereza hii ni ya hadithi gani. Kwao kila chombo kina hadithi yake, unasimuliwa foleni nzima kabla hujapanda. Nikamtafsiria mtoto wa dada yangu, aliyekuwa ameukamata mkono wake wa Idi, zile pesa za sikukuu, kiganjani usimpotee. Akaitazama pembea, akamtazama mwenzake.

"Hii boti," akasema. "Tunakwenda Unguja. Mwambie apande, inang'oa nanga."

Nauli alisema shilingi 500, na alizichukua kweli.